Sayari 6,000 za mbali zimeshathibitishwa: kila habari mpya ikitoka, uliza kwanza "wamejuaje?"

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Septemba 2025 NASA ilitangaza kwamba sayari zilizothibitishwa kuzunguka nyota nyingine, nje kabisa ya mfumo wa Jua letu, zimefika 6,000. Zilipofika 5,000 ilikuwa Machi 2022. Kabla ya 1992 orodha hiyo ilikuwa tupu. Mtu aliyemaliza shule mwaka 1990 alimaliza akijua sayari za Jua hili tu, na mwalimu wake hakuwa na zaidi ya hizo za kumfundisha.

Sasa kila baada ya siku chache tunasoma kichwa cha habari: Dunia nyingine yapatikana, dalili za uhai zaonekana, pacha wa Dunia yuko jirani. Nimefuatilia mambo haya miaka mingi na kuna kitu kinaniuma. Watu wanasoma kichwa, wanashangilia, halafu mwaka ukipita wanasikia habari imekanushwa. Wanahitimisha kwamba wanasayansi wanatunga tu. Ndiyo sababu naleta uzi huu. Habari ya sayari ya mbali huwezi kuielewa mpaka ujue imepatikanaje, na hilo si gumu hata kidogo. Linaeleweka bila hesabu nzito.

Tuanze hapa: karibu sayari zote hizo hakuna jicho lililowahi kuziona. Sayari haina mwanga wake yenyewe. Jua letu linang'aa kama mara bilioni 10 kuliko Dunia, kwa hiyo anayetutazama kutoka nyota nyingine ataliona Jua, na sisi tumemezwa na mng'ao wake. Basi wanaastronomia hawaitafuti sayari yenyewe. Wanaikazia macho nyota na kungoja ijitoboe siri.

Nyota hujitoboa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuyumba. Tumezoea kusema sayari huzunguka nyota, lakini ukweli ni kwamba zote mbili huzunguka kitovu kimoja cha uzito, na nyota kwa kuwa ni nzito inayumba kidogo tu. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote za Jua letu, hulivuta Jua huku na huku kwa kasi ya kama mita 12 kwa sekunde, mbio za mkimbiaji bora wa mita 100. Dunia hulivuta kwa sentimita 9 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa kobe. Nyota ikituelekea, mwanga wake husogea kidogo upande wa bluu; ikirudi nyuma, husogea upande wa nyekundu. Kwa kupima kusogea huko, Michel Mayor na Didier Queloz mwaka 1995 waligundua 51 Pegasi b, sayari ya kwanza kuonekana ikizunguka nyota inayofanana na Jua. Ilikuwa na uzito wa karibu nusu ya Mshtarii na ilimaliza mzunguko wake kwa siku 4 na kidogo. Mwaka wa siku 4! Nadharia za wakati ule hazikutarajia jitu la gesi likae karibu na nyota kiasi hicho. Waliipata Nobel mwaka 2019.

Njia ya pili ni kivuli. Sayari ikipita katikati yetu na nyota yake, mwanga hufifia kidogo kisha hurudi. Mshtarii ukipita mbele ya Jua ungepunguza asilimia 1 ya mwanga. Dunia ingepunguza sehemu 84 kati ya milioni. Darubini ya Kepler, iliyorushwa Machi 2009, ilikazia macho nyota zaidi ya 150,000 katika kipande kimoja cha anga ikingoja kufifia huko, na ikatupatia sayari zaidi ya 2,600. Na fikirini hili: mzunguko wa sayari lazima uwe umelala sawa na macho yetu, la sivyo kivuli hakitufikii. Kwa sayari yenye mzunguko kama wa Dunia, bahati hiyo ni kama 1 kati ya 200. Kila moja tuliyoinasa namna hiyo, nyuma yake zipo nyingi zilizopita juu au chini ya mstari wa macho yetu.

Sasa shikeni hili, maana ndilo nitakalolirudia uzi mzima. Kuyumba kunakupa uzito wa sayari. Kivuli kinakupa upana wake. Ukivipata vyote viwili unajua kama ni mwamba au ni gesi. Basi. Hakuna bahari humo, hakuna hewa, hakuna miti. Ukisoma "inafanana na Dunia", uliza: inafanana kwa uzito au kwa upana? Zuhura ina upana wa asilimia 95 ya Dunia na uzito wa asilimia 82. Kwa vipimo hivyo viwili ni pacha wetu kamili, na ardhi yake ina joto la nyuzi 460 hivi, risasi inayeyuka.

Nitaendelea na kisa cha nyota moja ambacho kila ninapokikumbuka kinanigusa. Karibuni kwa maswali.

#2 – Mchangiaji

Mkuu, ahsante kwa uzi. Mimi nina swali la moja kwa moja. Kama hakuna aliyeziona, zile picha tunazoonyeshwa zenye mabahari na mawingu zimetoka wapi? Huko si kudanganywa?

#3 – Mleta uzi

Swali zuri sana, ndugu yangu. Zile ni michoro. Msanii anapewa uzito, upana, umbali na joto linalokadiriwa, halafu anachora kinachowezekana. Mashirika yenyewe huandika chini ya picha kwamba ni mchoro, ila picha ikishasambaa maandishi yale hubaki nyuma. Mimi ningependa yaandikwe juu kabisa, kwa herufi kubwa, kwa sababu mtu akishaiona bahari kwa macho yake, kumwambia baadaye kwamba hatujui kama kuna bahari ni kazi kweli.

Picha halisi zipo, ila chache. Mwaka 2008 zilitangazwa picha za sayari zinazozunguka nyota HR 8799, iliyo umbali wa kama miaka ya nuru 133 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Zimejulikana kuwa nne, zote majitu ya gesi, changa na bado za moto, ndiyo maana zinang'aa katika infraredi, mwanga wa joto usioonekana kwa macho. Kwenye picha ni vidoa vinne, na nyota yenyewe imezibwa ili isitumeze macho. Juni 2025 watafiti wanaotumia darubini ya James Webb walitangaza kidoa kingine kando ya nyota TWA 7, chenye uzito wa kadiri ya Zohali. Kidoa kile, kwangu mimi, kina uzuri unaozidi michoro yote.

#4 – Mleta uzi

Niliahidi kisa. Ni cha nyota ya Barnard.

Iko umbali wa kama miaka ya nuru 6, jirani yetu wa karibu zaidi baada ya zile nyota tatu za Alpha Centauri. Ni kibete chekundu, yaani nyota ndogo nyekundu, hafifu kiasi kwamba bila darubini huioni. E. E. Barnard aliitambua mwaka 1916 kwa sababu inahama angani kwa haraka kuliko nyota nyingine yoyote.

Peter van de Kamp, mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi katika kituo cha Sproul, Chuo cha Swarthmore, Marekani, alianza kuipiga picha nyota hii mwaka 1938. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na mabamba ya kioo ya kupigia picha, darubini na subira. Baada ya robo karne na zaidi ya mabamba 2,000, mwaka 1963 alitangaza kwamba nyota inayumba na kwamba inavutwa na sayari kubwa kuliko Mshtarii, inayozunguka kwa miaka 24. Vitabu vilimpokea. Kwa miaka kumi watu walisoma kwamba nyota ya Barnard ina sayari.

Mwaka 1973 George Gatewood na Heinrich Eichhorn walipima kwa picha za vituo vingine na hawakuona kuyumba kokote. Mwaka huo huo John Hershey, wa kituo kile kile cha Sproul, akachunguza nyota nyingine zilizopigwa kwa darubini ile ile, akakuta nazo zinayumba, tena kwa pamoja! Mrukio mkubwa uliangukia 1949, mwaka ambao lenzi ya darubini ilifanyiwa marekebisho. Nyota ilikuwa imetulia. Iliyokuwa imesogea ni darubini.

Van de Kamp hakukubali hadi mwisho. Alifariki Mei 1995. Miezi mitano baadaye, Oktoba, Mayor na Queloz wakaitangaza 51 Pegasi b.

Mimi simcheki mzee huyu. Alikuwa na swali sahihi na nyota sahihi, chombo ndicho kilichomwangusha. Mwaka 2018 timu nyingine ilitangaza sayari ya nyota ya Barnard yenye mzunguko wa siku 233, na hiyo nayo ikatiliwa shaka baadaye, ikaonekana inatokana na mabadiliko ya uso wa nyota yenyewe. Kisha Oktoba 2024, kwa kifaa cha ESPRESSO kilichofungwa kwenye darubini kubwa VLT huko Chile, ikatangazwa sayari yenye mzunguko wa siku 3. Machi 2025, kwa kifaa kingine kabisa, MAROON-X, kwenye darubini ya Gemini huko Hawaii, zikathibitika sayari nne. Ni ndogo, uzito wake ni kati ya asilimia 19 na 34 ya Dunia hivi. Ziko karibu mno na nyota, moto hauruhusu maji. Kuyumba kunakosababishwa nazo ni chini ya mita moja kwa sekunde, pungufu ya mwendo wa mtu anayetembea taratibu, na kumepimwa kutoka umbali wa miaka ya nuru 6.

Vyombo viwili, timu mbili, milima miwili, jibu moja. Van de Kamp alikosa hilo. Ukisoma habari ya sayari mpya, tafuta kama kuna wa pili aliyeipima kwa chombo kingine.

#5 – Mchangiaji

Umenikumbusha mbali. Mimi niliwahi kujitolea kwenye mradi wa Planet Hunters ulioanzishwa 2010, ambapo mtu yeyote mwenye intaneti alipewa michoro ya mwanga wa nyota za Kepler aiangalie kwa macho na kuweka alama panapofifia. Usiku mzima unaangalia nukta nukta. Mara nyingi ni nyota yenye madoa, au nyota mbili zinazozibana. Sikupata chochote cha kuandikwa, lakini siku ya kwanza nilipoona bonde dogo likijirudia kila baada ya muda ule ule, moyo ulienda mbio. Wenzetu wa kujitolea ndio walioiona PH1b, iliyotangazwa 2012, sayari kwenye mfumo wa nyota nne. Kuna kitu cha pekee kuona kivuli cha ulimwengu mwingine kwenye skrini yako.

#6 – Mchangiaji

Mleta uzi, mbona hujagusa K2-18b? Aprili 2025 nilisoma wamepata dalili za uhai huko. Halafu ndugu yangu mmoja ananiambia imeshakanushwa. Ipi ni ipi?

#7 – Mleta uzi

Nilikuwa naisubiri hii, dada au kaka. Nitaieleza kwa kirefu kidogo maana hapa ndipo "wamejuaje" inapohitajika kuliko popote.

K2-18b iko umbali wa miaka ya nuru 124, kwenye kundi la nyota la Simba. Mwanga tunaoupokea leo uliondoka huko mwanzoni mwa karne iliyopita. Uzito wake ni kama mara 8.6 ya Dunia, upana mara 2.6, mzunguko siku 33. Hatuna sayari ya namna hii kwenye mfumo wetu. Iko katikati ya Dunia na Neptuni kwa ukubwa, na wanasayansi wanabishana kama ni bahari chini ya angahewa ya haidrojeni, au ni Neptuni ndogo isiyo na uso wa kukanyaga.

Kupima hewa yake kunatumia njia ya kivuli, kwa hatua moja zaidi. Sayari ikipita mbele ya nyota, sehemu kidogo sana ya mwanga hupenya kwenye ukingo wa angahewa yake. Kila gesi humeza rangi zake maalumu. Methani ina zake, hewa ukaa ina zake. Ukiutawanya mwanga huo utaona rangi zilizopungua, na hizo ndizo sahihi (saini) za gesi. Mbinu hii si ngeni: darubini ya angani ya Hubble iliitumia zaidi ya miaka 20 iliyopita kugundua sodiamu kwenye hewa ya HD 209458 b. James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 ikiwa na kioo cha upana wa mita 6.5, inaifanya vizuri zaidi. Mwaka 2022 iliona hewa ukaa kwenye jitu la moto WASP-39b waziwazi kabisa.

Mwaka 2023 timu ya Nikku Madhusudhan wa Cambridge ilitangaza methani na hewa ukaa kwenye K2-18b, na kwa mbali kidogo dalili ya gesi iitwayo dimethili salfaidi. Duniani gesi hii hutoka hasa kwa planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea baharini. Aprili 2025, kwa kifaa kingine cha Webb, walisema dalili imeongezeka, safari hii ikiwa gesi hiyo au ndugu yake wa karibu, kwa kiwango cha sigma 3 (sigma ni kipimo cha nguvu ya alama dhidi ya kelele za data).

Vyombo vya habari vikaandika uhai. Timu yenyewe ilisema vipimo zaidi vinahitajika. Kisha watafiti wengine wakachukua data zile zile, wakazichakata kwa njia zao, na kadhaa wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Alama ile inaweza kuwa kelele, au gesi nyingine zenye sahihi inayofanana. Juu ya hapo, gesi hiyo imeonekana kwenye data za nyotamkia 67P, mahali pasipo na planktoni hata moja, na maabara zimeitengeneza bila kiumbe hai.

Kwa hiyo anayekwambia imethibitishwa anakosea, na anayekwambia imethibitika ni uongo naye anakosea. Swali liko wazi.

#8 – Mchangiaji

Naongezea hapo kwenye sigma kwa sababu wengi inawachanganya, na ndiyo kazi yangu kuchakata namba. Sigma 3 maana yake ni hivi: kama hakuna chochote pale, kelele peke yake ingeweza kutoa alama yenye nguvu hiyo kama mara 3 katika 1,000. Inaonekana ndogo. Lakini ukijaribu gesi nyingi tofauti kwenye data moja, unaipa kelele nafasi nyingi za kukudanganya. Ndiyo maana anayetaka kutangaza ugunduzi mkubwa hutakiwa kufika sigma 5, chini ya 1 kati ya milioni. Na hata sigma 5 inakuambia tu kwamba alama ipo. Haikuambii imetoka wapi. Mabamba ya van de Kamp nayo yalikuwa na alama ya kweli, ya lenzi.

#9 – Mleta uzi

Mkuu #8, hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma mara tatu. Hapo nilikuwa sijafika. Ahsante sana.

#10 – Mchangiaji

Sawa, tumeelewa zinajulikanaje. Sasa ya karibu kabisa ni ipi na tutafika lini?

#11 – Mleta uzi

Ya karibu iliyothibitishwa ni Proxima b, ya nyota ya Proxima, mojawapo ya zile tatu za Alpha Centauri; ilitangazwa 2016, iko miaka ya nuru 4.24. Chombo cha angani Voyager 1 kilichoondoka mwaka 1977 kinakwenda kilomita 17 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, safari ya umbali huo ni miaka kama 75,000. Agosti 2025 ilitangazwa pia kwamba Webb imeona kinachoweza kuwa jitu la gesi kando ya Alpha Centauri A, ila bado kinahesabiwa kama mtarajiwa, hakijathibitishwa.

Kwa hiyo kwa maisha yetu na ya wajukuu, hatuendi. Mwanga ndio unaokuja kwetu.

#12 – Mchangiaji

Na zile sayari saba za TRAPPIST-1? Zilivuma sana 2017 halafu kimya. Nazo ndiyo basi?

#13 – Mleta uzi

Siyo basi hata kidogo. Kwa maoni yangu huko ndiko macho yanapaswa kuwa sasa, kuliko K2-18b.

TRAPPIST-1 iko umbali wa kama miaka ya nuru 40. Nyota yenyewe ni ndogo mno, upana wake unauzidi wa Mshtarii kidogo tu. Sayari zote saba ni za ukubwa wa kadiri ya Dunia na mizunguko yake yote ingetosha ndani ya mzunguko wa Zebaki. Kwa kuwa nyota ni ndogo, kivuli cha sayari ya mwamba kinaziba sehemu kubwa ya mwanga wake, hivyo hewa, kama ipo, inaweza kupimwa. Kwa Dunia na Jua kazi hiyo haiwezekani kwa vyombo vya leo.

Sayari hizo saba huitwa kwa herufi, b hadi h, na Webb ilianza na iliyo karibu na nyota. Mwaka 2023 sayari b ilikutwa na joto la kama nyuzi 230 upande wa mchana, joto linalotarajiwa kwa mwamba mtupu usio na hewa ya kulisambaza. Kwenye c hakuonekana hewa nzito ya ukaa kama ya Zuhura. Mwaka 2025 kwenye d hewa kama ya Dunia haikuonekana. Nilihuzunika kila ilipotoka moja, sitaficha. Nyota ndogo nyekundu zina hasira, hulipuka mara kwa mara, na huenda zimezipeperusha hewa za sayari zilizo karibu.

Sasa zamu ni ya e, iliyo kwenye ukanda ambao maji yanaweza kukaa bila kuganda wala kuchemka yote. Matokeo ya mipito minne ya kwanza, yaani mara nne ilipopita mbele ya nyota Webb ikitazama, yalitoka Septemba 2025. Hewa ya haidrojeni ambayo huenda ilizaliwa nayo haionekani. Kati ya mwamba mtupu na hewa yenye naitrojeni nyingi, data hazijaamua. Kikwazo ni nyota: ina madoa, na madoa hayo yanaweka sahihi zake mwenyewe kwenye mwanga, sawa na ile lenzi ya 1949.

Ila safari hii wamelijua tatizo mapema na wamelitafutia njia. Kuna nyakati ambapo b na e hupita mbele ya nyota moja baada ya nyingine kwa saa chache tu. Kwa kuwa b inaelekea ni mwamba mtupu, alama yoyote itakayoonekana kwenye b itakuwa ya madoa ya nyota, si ya hewa. Wanaitoa hiyo kwenye alama ya e, kinachobaki ndicho cha e. Sayari iliyotuvunja moyo ndiyo imegeuzwa kipimo cha jirani yake. Mipito ya namna hiyo imepangwa kadhaa, na data zinakusanywa. Wakitoa matokeo nitayaweka hapa hapa kwenye uzi huu, yakiwa na hewa au bila hewa.